Kibra: Deni Lililokosa Hati

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani haikushuka kueleza Pepo wala Moto. Imeshuka kueleza deni. Kila aliyekaa chuoni aijua: ni aya ya 282 ya Suratul Baqara. Inaamuru kwamba watu wakikopeshana kwa muda maalumu basi deni liandikwe, mwandishi awe mwadilifu, mashahidi wawepo, wala pasiwe na mtu wa kuona uzito kuandika kwa kuwa deni lenyewe ni dogo. Maalimu wetu alikuwa akitwambia kuwa hukumu hiyo haikuwekwa kwa sababu watu wote ni wezi. Imewekwa kwa sababu watu husahau, na tena watu hufa.

Nimeikumbuka aya hiyo zaidi ya mara moja katika siku nilizokuwa Nairobi nikitembea Kibera na Kawangware. Wengi wetu huku pwani twaijua mitaa hiyo kwa habari za matope, mabati na siasa. Mimi nilikwenda kutazama jambo jingine: vipi jamii moja ndogo ya Waislamu, nao ni Wanubi, ilivyoishika historia yake kwa mikono miwili, ikaifanya ndiyo hoja ya kudai ardhi na uraia. Naona kuna somo letu humo, tena somo lenye haraka.

WALIKOTOKA

Ndugu msomaji, Wanubi hawakuja Kenya kwa hiari ya miguu yao. Mwaka 1820 majeshi ya Muhammad Ali wa Misri yaliivamia Sudani, na miaka iliyofuata vijana wengi wa kusini walitiwa jeshini, aghalabu kwa nguvu. Humo jeshini wakasilimu, na humo wakazungumza Kiarabu cha kambini ambacho hatimaye kikawa lugha kamili, Kinubi.

Baadhi yao walikuwa katika jimbo la Equatoria chini ya Emin Pasha, yule Mjerumani aliyetoroshwa na Stanley mpaka akafikishwa Bagamoyo mwaka 1889. Bwana akaondoka, askari wengi wakabaki nyuma, karibu na Ziwa Albert, na kiongozi wao Selim Bey. Mwaka 1891 akawafikia Kapteni Lugard wa kampuni ya Kiingereza, akawaandika wamtumikie. Kutoka hapo wakawa nguzo ya jeshi la Waingereza katika nchi hizi, na lilipoundwa jeshi la King's African Rifles mwaka 1902, Wanubi walikuwa miongoni mwa askari wake wa mwanzo.

Askari akizeeka atapelekwa wapi? Sudani ilikuwa mbali, na wengi walikuwa wamekwisha kuoa na kuzaa huku. Basi tangu mwaka 1904 hivi wakawekwa katika msitu uliokuwa nje kidogo ya Nairobi, ardhi ya jeshi. Wao wenyewe wakapaita Kibra, na maana yake kwa lugha yao ni msitu. Mwaka 1918 serikali ikaitangaza rasmi ardhi hiyo kuwa ya jeshi, ekari 4,197.

Msomaji wa pwani akiingia humo hatajiona mgeni mno. Kuna mtaa uitwao Lindi, jina la mji wa pwani ya Tanganyika ambako askari wa KAR walipigana na Wajerumani mwaka 1917. Kuna Makina na msikiti wake. Mwanamke wa Kinubi husuka vifuniko vya sinia kwa rangi nyingi. Mtu wa Lamu au Mvita akiviona atasema ni kawa. Arusini wanawake hujitanda gurbaba, na ngoma yao ya dholuka hupigwa. Na aliyesoma Kiarabu chuoni atasikia mzee akisema “ana” kwa maana ya mimi, atainua sikio, kisha sentensi itakayofuata itampita kando, maana Kinubi kimekwenda njia yake.

AHADI YA MDOMO

Sasa tuje kwenye deni. Askari wale walipewa vibali vya kukaa na kulima. Hawakupewa hati ya kumiliki. Waliambiwa hapa ni penu, nao waliamini, kwani aliyesema ni bwana waliyekuwa wakimtii vitani. Kwa mujibu wa masimulizi yao, Kibra ilikuwa malipo ya damu. Kwa mujibu wa faili la serikali, wao walikuwa wapangaji wa kukaa kwa radhi ya mwenye nyumba, naye aweza kuwaondoa atakapo.

Mwaka 1928 jeshi likaacha kuisimamia Kibra, nayo ikaingia mikononi mwa maofisa wa kiraia, ambao hawakuwa wamepigana vita pamoja na mtu yeyote pale. Tume ya Ardhi ya Carter, iliyotoa ripoti yake mwaka 1934, iliwasikiliza wazee wa Kibra. Ikaamua kuwa kisheria hawana milki, lakini ikakiri kuwa serikali ina wajibu kwao: haiwezi kuwafukuza bila ya kuwatafutia mahali pengine pa kukaa. Hayo ni maandishi ya wakoloni wenyewe. Deni lilikiriwa, ila halikulipwa.

Baada ya uhuru mwaka 1963 msitu ule ulimegwa kipande baada ya kipande. Tazama leo majina ya majumba yaliyouzunguka: Ayany, Olympic, Ngei, Otiende, Jamhuri. Kuna hata mtaa uitwao Fort Jesus, na naona ajabu kwamba jina la ngome yetu limepata hati mahali ambapo mwenyeji aliyezikwa babu yake hapo hakuipata.

Fauka ya ardhi, kulikuwa na jambo la kitambulisho. Kijana wa Kinubi akitimia miaka 18 na kwenda kuomba kitambulisho, alikuwa akipelekwa mbele ya kamati kupigwa msasa: lete cheti cha baba, lete cha babu, thibitisha kuwa wewe ni Mkenya. Babu yake alivaa sare ya nchi hii kabla haijaitwa Kenya! Lakini sare hairithiwi kama cheti. Katika hesabu za watu, Wanubi walikuwa wakitiwa katika kapu la “wengineo”.

KAWANGWARE, NG'AMBO YA BARABARA

Kutoka Makina nilivuka barabara ya Ngong, nikapanda mpaka Dagoretti Corner, nikashika barabara ya Naivasha hadi Kawangware. Si mwendo mrefu. Vibanda, mabati, mitumba, muhogo wa kukaanga na watu wamesongamana ni vile vile, hata mgeni aweza kudhani hajatoka Kibera.

Lakini chini ya mabati hayo kuna tofauti kubwa. Kawangware ni sehemu ya Dagoretti, ardhi ya Wakikuyu, na mpaka 1963 ilihesabiwa kuwa Kiambu kabla ya mipaka ya Nairobi kupanuliwa. Miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, mashamba ya Wakikuyu yalipimwa, yakaunganishwa na kuandikwa kwa majina ya wenyewe. Kwa hivyo, mwenye kiwanja cha Kawangware kwa kawaida ana hatimiliki kabatini. Wapangaji wake wanateseka kama wa Kibera, hilo halina ubishi. Ila yeye mwenyewe hana wasiwasi wa tingatinga la serikali.

Na hapa historia inacheka kidogo. Yule yule Lugard aliyewachukua Wanubi mwaka 1891, mwaka mmoja kabla yake, 1890, alipita Dagoretti na msafara uliotoka Mombasa, akala kiapo cha udugu na Waiyaki wa Hinga, akajenga boma. Mwaka 1892 Waiyaki akakamatwa na watu wa kampuni ile ile, akapelekwa upande wa pwani, akafia njiani Kibwezi. Kiapo kile nacho kilikuwa cha mdomo.

Niliwauliza vijana watatu pale kituoni maana ya jina Kawangware. Mmoja alisema hajui, wa pili alisema ni jina tu, wa tatu akanionyesha gari la kurudi mjini. Wenyeji husimulia kuwa limetokana na ngware, na ngware kwa Kikuyu ni yule ndege tumwitaye kwale. Nasi mji wetu wa Kwale husemwa umepata jina kwa ndege huyo huyo. Basi hati ya kiwanja yaweza kuwako kabatini, na historia ya mahali ikapeperuka kama kwale mwenyewe. Hati hulinda ardhi ya mtu mmoja. Kumbukumbu ya mtaa mzima yataka watu wa kukaa pamoja na kuilinda.

CHAMA KIKASHIKA KALAMU

Hivyo ndivyo walivyofanya Wanubi. Wana Baraza la Wazee, na vijana wao wana jumuiya iitwayo Nubian Rights Forum. Hawakuwa na fedha za kushindana na serikali. Walichokuwa nacho ni masimulizi, makaburi, majina ya mitaa, picha za babu zao na sare na nishani, vibali vikuukuu, na ripoti za wakoloni zilizolala makumbusho na katika nyaraka za taifa. Wakaanza kuvikusanya vitu hivyo kama wakili akusanyavyo ushahidi.

Mwaka 2003 wakaenda Mahakama Kuu. Mlango ulipokuwa mzito, wakaenda mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu mwaka 2006. Mwezi wa Machi 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto ikaamua kuwa Kenya imevunja haki za watoto wa Kinubi kwa kuwaacha wakue bila ya uhakika wa uraia. Mwaka 2015 ile Tume nayo ikatoa uamuzi wa kuwapa haki Wanubi. Katikati ya hayo, hesabu ya watu ya mwaka 2009 iliwaandika kwa jina lao, wakaonekana kuwa watu 15,000 na zaidi. Na lilipoundwa jimbo jipya la bunge kwa ajili ya uchaguzi wa 2013, likaitwa Kibra, bila ya ile “e” iliyopachikwa na watu wasiojua Kinubi. Herufi moja ni kitu kidogo, lakini muulize mtu ambaye jina lake limeandikwa vibaya katika cheti atakwambia uzito wake.

Kisha mwezi wa Juni 2017, Rais Uhuru Kenyatta akawakabidhi hatimiliki ya jumuiya, ekari 288. Hesabu, msomaji: katika ekari 4,197 hiyo haifikii hata sehemu moja kwa kumi na nne. Kuna wazee waliolia kwa furaha, na wako wanaosema mpaka leo kuwa wamelipwa mfupa wakanyang'anywa ng'ombe. Mimi nasema deni lililolipwa sehemu ni deni lililothibiti. Wala haikuwa kazi ya kiongozi mmoja mwenye huruma; ilikuwa kazi ya chama kilichozikana na kuzaliana, wazee wakifa vijana wakipokea faili.

Na faili halikufungwa. Mwezi wa Julai 2018 matingatinga yalipita Kibera yakivunja nyumba na shule kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Langata. Na serikali ilipoleta Huduma Namba, ni Nubian Rights Forum waliokuwa mstari wa mbele mahakamani. Tarehe 30 Januari 2020 Mahakama Kuu ikaamua mpango huo hauwezi kuendelea mpaka pawe na sheria madhubuti ya kulinda habari za watu, na ikakataza kukusanya vinasaba. Waliowahi kuitwa “wengineo” waliwatetea Wakenya wote.

JIRANI NAYE

Hata hivyo yapasa kusema lililo zito. Historia ni kisu. Chaweza kukata mkate na chaweza kumchoma jirani. Kibera ya leo si ya Wanubi peke yao. Waluo, Waluhya, Wakamba, Wakisii na wengineo wamekaa humo miaka mingi, wamezaa, wamezika, nao wana masimulizi yao. Mwishoni mwa mwaka 2001 ugomvi wa kodi za nyumba baina ya wenye nyumba, wengi wao Wanubi, na wapangaji wao uligeuka kuwa mapigano, watu wakauawa. Kawangware nayo, mwezi wa Oktoba 2017 baada ya uchaguzi wa marudio, majirani waligeukiana na vibanda vikachomwa moto.

Kwa hivyo chama cha kutetea historia kina mitihani miwili. Wa kwanza ni kuhifadhi. Wa pili, ulio mgumu zaidi, ni kuhifadhi kwa uadilifu. Aya niliyoitaja haikutaka mwandishi peke yake. Imetaka mwandishi mwadilifu, asiyeongeza wala kupunguza. Mwenye kuandika kuwa babu yake alifika mwaka 1904 na aandike pia kuwa mpangaji wake amezaliwa chumba kile kile mwaka 1970. Historia ya mtaa iliyomfuta jirani ni hati ya kughushi.

Nilifurahi kukuta kuwa vijana wa Kibera wa kila kabila wameshalijua hilo kwa njia yao. Mwaka 2009 walianza kazi iitwayo Map Kibera, wakapita uchochoro kwa uchochoro wakitia kwenye ramani visima, shule, misikiti, makanisa na zahanati, mahali ambapo ramani za watu zilikuwa zimepaacha patupu kana kwamba bado ni msitu.

NA SISI PWANI JE?

Tusidhani haya ni ya bara. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi za pwani: mwenye ardhi ajitokeze adai, aandikishwe, isiyodaiwa ni ya taji la Mwingereza. Wapo waliodai. Wengi hawakudai, wengine hawakupewa hata nafasi ya kudai, nao wajukuu wao ndio maskwota wa leo katika ardhi ya babu zao. Sisi tuliokuwa na kalamu karne nyingi kabla ya Mwingereza, tulioandika tenzi na hati za wakfu kwa herufi za Kiarabu, tulishindwa kwa kalamu!

Lakini tuna mifano mizuri pia. Wamakonde walioishi Kwale miaka mingi bila ya uraia, mwezi wa Oktoba 2016 walitoka kwa miguu kwenda Nairobi kumwona Rais, na mwaka 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba wa Kilifi na Kwale, wavuvi ambao wazee wao walivuka bahari vizazi vilivyopita, walitambuliwa mwezi wa Januari 2023. Wote walitanguliza jambo moja: walikaa pamoja, wakajiandika, wakasema sisi ni nani, tulifika lini, na tumezikwa wapi.

Pima kwa upande wa pili. Kulikuwa na Pangani ya Nairobi, kijiji cha Waislamu, Waswahili na watu wa mchanganyiko, chenye misikiti na nyumba za makuti na udongo. Mwishoni mwa miaka ya 1930 kikavunjwa, watu wake wengi wakahamishiwa Shauri Moyo na Pumwani. Kijana apitaye Pangani leo ajua kituo cha polisi na barabara ya Thika. Mtaa ule umekwenda na wazee wake.

Basi ushauri wangu ni mdogo, na gharama yake ni daftari. Kila mtaa wetu, iwe Kibokoni, Kuze, Mkomani au Shela, uteue watu wanne: mzee mmoja mwenye kumbukumbu, mwanamke mmoja, kwani wanawake ndio wanaojua nasaba na nyimbo, mwalimu mmoja wa chuo na kijana mmoja wa shule. Waandike majina ya misikiti na aliyeweka wakfu, majina ya visima, makaburi, vichochoro. Kila habari itajwe aliyeisema na aliyemsikia, kama maulamaa walivyofanya katika isnadi za Hadithi. Nakala moja ibaki msikitini, moja shuleni, moja ipelekwe katika nyaraka za taifa. Penye habari mbili zinazopingana, ziandikwe zote mbili.

Nami, kwa kuwa mshairi hakosi la kuongeza, naweka ubeti wangu:

Mtaa una majina, majina yana asili,
Asiyeyatunza jana, kesho akosa dalili,
Wazee muda hawana, wa kungoja siku mbili,
Tuandike kwa bayana, amana tusibadili.

Wanubi walingoja miaka mia na zaidi ili deni lao liandikwe, na katika miaka hiyo mashahidi wote wa kwanza walikufa. Mashahidi wetu wako barazani sasa hivi, wanakunywa kahawa. Atakayewafuata na kalamu baada ya sala ya Alasiri leo atakuwa amefanya kazi ambayo wakili hatoweza kuifanya miaka 50 ijayo.